Nelda Hatmaker na Boti Inayosimama kwa Unyayo

Kwa miaka ishirini na sita Nelda Hatmaker aliendesha basi la shule kwenye kona za milima ya Tennessee bila kumwagisha mtoto hata juisi. Alikuwa mwanamke wa kupunguza mwendo akiona jani limeanguka barabarani. Kwa hiyo siku alipoingia duka la chambo, pale darajani kwenye Ziwa Cutright, na kuuliza nani anauza boti ya mbio, wanaume wote walishusha vikombe vya kahawa.

"Ya mbio kivipi, Bi Nelda?" mmoja akadakia. "Ile yenye umbo la bata, ya kupiga pedali?"

"Kama ya Rondal," akajibu.

Kicheko kikakatika. Ikasikika friji ya minyoo tu, inanguruma.

Rondal alikuwa mdogo wake. Agosti moja, miaka minne iliyopita, alikuwa akipita mbele ya gati la mama yao, boti imeshika maili tisini kwa saa, na Nelda amesimama pale gatini akampungia mkono. Boti ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikageuza pua, ikamtupa. Watu wa serikali walikuja, wakapima maji kwa macho, wakaandika kwamba chanzo ni mwendo kasi, wakaenda zao. Lakini Nelda aliona kitu ambacho hakumwambia mtu: kabla boti haijayumba, mkono wa Rondal uliinuka kutoka kwenye usukani. Au alidhani uliinuka. Kuna siku aliapa aliuona, kuna siku aliapa ulikuwa mng'aro wa maji tu. Kama Rondal alimwona dada yake na kuitikia, basi Nelda alimuua kwa salamu. Kama hakumwona, basi aliondoka bila kuaga. Hakujua aombe lipi, ikawa hata kanisani anafumba macho na kuwaza chakula.

Aliyejitolea kumsaidia ni Cloyce Ridenour, fundi mstaafu wa injini za boti, mgane, mwenye ulimi wa kubandua rangi ukutani.

Boti ya kwanza waliyoikagua ilikuwa nyekundu, inametameta kama kucha za bibi harusi. Muuzaji, kijana aitwaye Tarver, alipiga injini kofi la mapenzi akatangaza nguvu za farasi mia mbili. Cloyce wala hakusikiliza. Alipanda juu ya injini yenyewe, akarukaruka na kitambi chake chote, macho kwenye ubao wa nyuma unaoibeba. Ubao ukapumua.

"Mzee, shuka bwana, utaivunja!"

"Imeshaoza, mwanangu. Siku moja injini hii itaondoka peke yake, ikuache umeshika usukani unashangaa."

Ya pili ilikuwa nzima, ila usukani ulicheza upana wa kidole kabla ya kushika. Cloyce aliuzungusha mara moja akakunja uso. "Usukani una maoni yake huu. Twende." Ya tatu ilikuwa ndefu, nzito, tulivu, na mzee aliipapasa kama ng'ombe wa maziwa. "Hii ndiyo ya mwanafunzi. Ukikosea, inasamehe."

"Sitaki ya kusamehe," Nelda akasema.

Akachukua ya nne: fupi, kijani kilichopauka, sawasawa na ile ya Rondal. Cloyce aliitazama boti, akamtazama yeye.

"Dada, unanunua boti au unanunua jibu?"

"Kagua ubao wa nyuma, Cloyce."

Ubao ulikuwa mzima.

Sasa, boti hizi chini ya tumbo, huko mwishoni, zina kipande bapa kisichozidi upana wa ubao wa kukatia vitunguu. Watu wa ziwa wanakiita unyayo. Ukienda polepole, boti inalalia tumbo zima kama nguruwe aliyeshiba. Ukiongeza mafuta inajinyanyua, inajinyanyua, hadi inasimama kwa unyayo huo peke yake, mengine yote yako hewani. Mtu mwenye akili zake angeridhika na nguruwe.

Walifanya mazoezi asubuhi, Nelda akishashusha watoto shuleni. Cloyce alikaa kiti cha kushoto, jaketi la kuokolea limembana kama soseji, akidai maji yawe na mawimbi madogo kama vipele vya ngozi iliyopigwa na baridi. Maji yaliyotulia kama kioo aliyakataa, alisema yanaing'ang'ania boti.

"Kanyaga. Polepole! Unakanyaga mafuta, hukanyagi mende."

Nelda alikanyaga. Pua ikapanda, ikashuka, upepo ukamkaba, kisha boti ikaanza kuyumba ubavu kwa ubavu, bega hili, bega lile. Akageuza usukani kulia, boti ilikuwa imeshahamia kushoto. Akageuza kushoto, imeshahamia kulia.

"Usiifukuze!" Cloyce akapayuka. "Ukiifukuza unachelewa, na kuchelewa kwako ndiko kunakoipa nguvu! Punguza kidogo! Kidogo, mama, usiachie mguu wote, utatuzika!"

Akapunguza kidogo. Boti ikatulia. Cloyce akachungulia mapaja yake.

"Nimekauka," akatangaza. "Tunaendelea."

Wiki zikapita. Mikono yake ikajifunza kuigusa boti kabla haijayumba, kugusa kidogo tu, kama unavyomshika mtoto bega asije akasimama basi likitembea. Ila kitu kimoja hakikumtoka. Kila boti ilipopanda kwenye unyayo, usukani ulivuta upande wa kulia, taratibu, bila kuacha. Cloyce alieleza kwamba ni propela inavyozunguka. Nelda alikubali. Lakini propela haina joto, na yeye pale kwenye usukani, chini ya vidole vyake, alihisi joto la kiganja.

Mwishoni mwa Oktoba akamwomba Cloyce ashuke kwenye gati la mama.

"Nitapita kama alivyopita. Nikifika kwenye lile boya jeupe linaloelea mbele ya gati, unipungie mkono."

Cloyce akashika ukingo wa boti. "Na ukiniona?"

"Nitajua."

"Na usiponiona?"

"Nitajua vilevile."

Mzee alishuka. Nelda akafunga kwenye jaketi lake ile kamba inayozima injini dereva akitupwa, akaenda hadi kwenye kona ya ziwa, akageuza.

Boti ikapanda kwenye unyayo. Sabini. Themanini. Ufuo ukawa rangi tupu, miti haina majani wala mashina. Akakaza macho mbali, kama alivyofundishwa. Boya jeupe likaja. Na pembeni kabisa mwa jicho, kwenye rangi ile iliyovurugika, kitu kimoja kikasimama wazi kama picha ukutani: mtu gatini, mkono juu.

Mkono wa kushoto wa Nelda haukumwomba ruhusa. Alipoutambua, ulikuwa hewani tayari.

Boti ikayumba kushoto. Ikayumba kulia. Nelda akaurudisha mkono, hakuifukuza, akainua mguu kidogo kama anayepita chumba cha aliyelala. Boti ikapiga bega mara moja zaidi, ikafikiria, ikashuka kwenye tumbo lake.

Alirudi gatini taratibu. Cloyce alikuwa amesimama palepale, mweupe kama unga, mikono imezama mifukoni.

"Umeona mkono wangu?" Nelda akauliza.

"Nimeuona. Almanusura moyo wangu usimame."

"Basi aliniona, Cloyce. Alinijibu. Nimekuona unapunga, mkono ukaenda wenyewe..."

"Nelda." Mzee hakuitoa mikono mifukoni. "Sikupunga. Nilishindwa. Nilikuona unakuja, nikamkumbuka Rondal, mikono ikagoma kutoka humu. Mungu shahidi, sikuinua hata kidole."

Maji yalilamba nguzo. Nelda aliangalia ubao wa gati kando ya Cloyce, palepale alipokuwa amesimama yeye mwenyewe Agosti ile, akimpungia Rondal. Hakulia.

"Kaa hapohapo," akasema. "Napita tena. Aliyenipungia sijamwitikia sawasawa."

"Wewe mwanamke una wazimu?"

"Polepole, Cloyce. Kama nguruwe."

Akaisukuma boti nyuma, akazunguka, akaja kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, injini inaguna tu. Alipofika mbele ya gati aliinua mkono wote, kiganja wazi, akauacha juu.

Cloyce akautazama ule ubao mtupu pembeni yake, akasogea hatua moja, kama mtu anayempisha mwenzake.