Ukuta wa Damu ya Mzee

Jirani yangu fundi rangi amepaka nyumba za watu maisha yake yote, na karibu zote kazipaka rangi ya maziwa. Watu huogopa rangi. Mtu atakuja na maneno mengi, anataka kijani cha kasuku. Ukimfungulia kopo moyo unamwenda mbio. "Fundi, changanya na nyeupe kidogo." Kidogo, kidogo, mpaka yanabaki maziwa.

Mkewe, fundi cherehani, hakuwa wa hivyo. Aliutaka ukuta mmoja wa sebule uwe damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia weusi.

"Rangi kali hupunguza chumba," mumewe akamwonya.

"Baba watoto, chumba chenyewe tukipishana tunaombana radhi. Kitapungua nini?"

Akapaka. Kwanza mkono wa kijivu, tabaka la chini, maana wekundu juu ya nyeupe haukolei, kisha mikono mitatu ya damu ya mzee. Mashemeji walipokuja wakauliza hii ni sebule au bucha. Mama wa watu akacheka, akasogeza cherehani yake pale pale na kigoda. Akichoka huegemeza kichwa ukutani. Miaka ilivyokwenda, mafuta ya nywele yakaacha alama, upana wake kama sahani.

"Unaniharibia kazi," mumewe humtania.

Mkewe alipofariki, fundi hakulia. Simlaumu. Alipanga viti vya watu, walipoondoka akavirudisha, kisha akarudi kazini. Ukimuuliza hali, nzuri. Jioni hukaa akiitazama ile alama, basi.

Dada yake akaja kumfanyia usafi, mwanamke mwenye moyo mwema. Akaliona doa. Akalisugua kwa sabuni, likakataa. Akatafuta chini ya kitanda, akapata kopo la damu ya mzee iliyobaki, akapaka.

"Kaka, nimekutolea lile doa."

Fundi alisimama mlangoni na mfuko wake wa brashi. Kipande kile kilikuwa kimeiva kuliko ukuta mzima, mraba kama dirisha. Rangi hafifu utaitia kiraka kisijulikane. Rangi kali haikubali, hupakwa kutoka kona hadi kona. Mafundi wote wanajua. Dada hakuwa fundi.

"Ahsante, dada."

"Mbona kinaonekana? Nirudie?"

"Acha."

"Basi upake ukuta wote. Wateja wakija si watakucheka?"

"Wacheke."

Dada akamtazama. "Kwani palikuwa na nini pale?"

"Kichwa chake," akasema, kama anayetaja namba ya msasa.

Dada akajishika mdomo.

Kesho yake nilipita kumjulia hali, nikamkuta amepiga magoti pale ukutani na msasa laini na maji, anafuta pembe ya kiraka taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Alitaka kuifikia ile alama chini ya rangi mpya. Rangi mpya ikatoka. Mafuta nayo yakatoka pamoja nayo, kisha ule wekundu wa zamani, kikatokea kijivu.

Akasimamisha mkono.

"Vipi?" dada akauliza kutoka uani.

"Hamna."

Akanawa mikono, akaja kukaa karibu nami. Akaniuliza kama redio yangu imepona. Nikamwambia bado.