Likizo ya Kunyooshwa

Binti yangu namwita Mama. Si kwa kumbembeleza, mimi si mtu wa kubembeleza. Baba yake hakuwahi kuja kudai jina la upande wao, na kwetu mtoto wa kike akizaliwa hivyo anachukua jina la mama wa mama yake. Ukishampa mtoto jina la mzazi wako, huwezi tena kumwita ovyo kama mtoto wa jirani. Kwa hiyo hapa Bondeni, Nakuru, watu wamezoea kunisikia asubuhi nikipiga kelele: Mama, vaa viatu. Mama, shuka kwenye hilo tangi. Mama, leo nitakuchapa mpaka ushangae. Majirani hucheka. Mgeni akipita anadhani namfokea aliyenizaa.

Na kufoka nilifoka, wacha tu, kwa sababu huyo mtoto alinitoa jasho. Alikuwa hawezi kukaa. Ukimtuma chumvi anarudi na mtoto wa paka, chumvi ameisahau dukani na chenji ameisahau kwa mtoto wa paka. Mimi hushona sare za shule kwenye veranda ya duka moja la vitambaa mjini, na siku moja niligeuka kidogo tu kumpima mteja, nikarudi nikakuta ameikata sketi ya watu kumshonea mwanasesere wake. Alikuwa ameishona vizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Na kanisani? Mhubiri aliuliza, kwa ile sauti yao, je, mnanisikia? Watu kimya, wanangoja aendelee. Yeye akapanda juu ya benchi akamjibu kwamba tunakusikia, hata wale wa barabarani wanakusikia. Kanisa zima likacheka. Nikamfinya paja huku nimeuma midomo nisicheke na mimi.

Akiwa gredi ya tatu, naibu wa mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa mtu mpole, na aliniandalia kiti kabla hajanipa habari mbaya. Binti yangu alikuwa ametoka katikati ya somo la hesabu akaenda kutazama mafundi wakichomelea geti la shule, na alikaa pale karibu na cheche mpaka bawabu akamkuta. Haikuwa mara ya kwanza kutoka. Naibu akaniambia kwamba siku hizi hawaruhusiwi kumgusa mtoto, na hata wangeruhusiwa yeye haoni kama ni utundu wa kawaida. Kwa hiyo, ama nimpeleke apimwe, ama arudi amebadilika, ama nimtafutie shule nyingine muhula ujao. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayekupunguzia bei.

Nilitoka pale nikichemka. Enzi zetu mtoto akitoka darasani bila ruhusa alirudi mbio ameshika makalio, na hakuna aliyeitwa mgonjwa. Fimbo ilipokatazwa ndipo ugonjwa ukaingia. Nilijiuliza, kwani ulikuwa umejificha wapi miaka hiyo yote, nyuma ya kabati la mwalimu? Lakini shule ile ilikuwa karibu na nyumbani, ada yake nilikuwa naiweza, na zile nyingine ambazo ningeweza kulipa tayari zilikuwa zimeshasikia habari za huyo mtoto. Asingebaki pale, angekaa nyumbani. Basi nikampeleka.

Daktari alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaanza kushika. Alituweka muda mrefu. Alimpa mtoto vibao apange, akamtazama akivipanga, akamtazama akiviacha na kwenda dirishani. Kisha akanitajia herufi nne za Kiingereza, akaeleza kwamba ubongo wa mtoto kama huyu ni kama redio inayoshika stesheni zote kwa wakati mmoja. Akaniuliza kama akichapwa anaacha. Nikamwambia anaacha. Akauliza, anaacha kwa muda gani? Nikaona huyu sasa ananichezea. Akauliza tena kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa hivyo. Nikamjibu kwamba kwetu hakuna ugonjwa wa kutotulia, kwetu kuna mwiko wa ugali. Hakucheka. Alisema tusianze na dawa, tuanze na kuzungumza, nimletee mtoto kila baada ya wiki mbili, na yeye ataiandikia shule barua ipunguze ukali.

Niseme ukweli, mpaka leo sijamwamini kabisa yule kijana. Mtoto wa miaka minane kupenda cheche kuliko hesabu, huo ni ugonjwa? Hata mimi napenda cheche kuliko hesabu. Na niliogopa. Mwenye duka ninaposhonea, mama mmoja wa Kihindi tuliyezoeana sana, alikuwa na mjukuu anayemeza vidonge vya jambo hilo hilo, na alinieleza kwamba sasa anamaliza kazi zake za shule, anaandika vizuri, ila mchana hali chakula na jioni anakaa tu. Yeye alisema hayo kwa shukrani. Mimi nilibaki na neno moja, anakaa tu. Nikaona bora wangu nimpeleke kwa mtu anayejua kulea kuliko siku moja niambiwe nimmezeshe kitu kinachomkalisha.

Mtu huyo alikuwa mama yangu, huko Subukia. Mama yangu ni mtu mnyamavu. Alilea watoto sita kwa macho na kwa fimbo ya mti wa kahawa iliyokaa juu ya mlango, na macho yalitosha siku nyingi. Kanisani kwao humtolea mfano wasichana wanaoolewa: mwangalieni yule, mmewahi kumsikia sauti? Marehemu mjomba wangu, kila alipomwona binti yangu, alikuwa akisema, huyu ni dada yangu yule tu. Nilidhani anazungumzia pua.

Nilimpigia simu nikamweleza habari za shule, na za daktari pia, kwa kejeli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza huo ugonjwa wa kutotulia umewahi kumuua nani. Halafu akasema, mlete, shule zikifunguliwa utamkuta amenyooka. Shule zilipofungwa nikampeleka. Mtoto alishuka garini akakimbilia ng'ombe kabla hajamsalimia nyanya yake, na mama yangu akanitazama mimi, si yeye, akatikisa kichwa. Nilirudi Nakuru moyo mwepesi. Haki ya Mungu, nililala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Likizo ilipoisha nikaenda kumchukua. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, mikono juu ya magoti, nguo safi, nywele zimesukwa. Kuku walikuwa wakidonoa karibu na miguu yake na hakuwafukuza. Aliponiona hakuja mbio. Alisimama, akangoja nifike, akanipa mkono akasema shikamoo kama mtoto wa kitabuni. Sikujua nicheke au nini. Nikamwambia, Mama, hujambo? Akasema hajambo. Akaketi tena.

Furaha niliyoipata, jamani. Nilijua papo hapo kwamba shule haitamfukuza. Nilijiona nikiingia ofisini kwa naibu nimemshika mkono, na yule daktari nilimshinda kichwani mwangu mara kadhaa kabla sijavua koti. Tulipokula, mtoto alimaliza sahani yake, akaomba ruhusa ya kunywa maji, akanywa, akaomba ruhusa ya kuweka kikombe chini. Nikamwambia mama yangu asante, nikamwambia kwamba angefungua kliniki angewafilisi madaktari wote wa mjini. Nilipomtazama, nikaona hajagusa chakula chake.

Mtoto alitoka na vyombo. Nikamuuliza mama yangu kama anaumwa. Akasema haumwi. Akaanza kuzungumza, na mama yangu si mtu wa kuzungumza, kwa hiyo nilinyamaza nisije nikamkatiza.

Akasema wiki ya kwanza alimchapa sana. Kwa kuacha lango wazi, kwa kumwaga maziwa, kwa kupanda mparachichi, kwa kujibu. Mtoto alikuwa akilia, halafu anasahau, halafu anarudia, wala hakuwa na kinyongo. Basi akaongeza viboko. Kisha siku moja akamwacha kwenye kigoda akaenda kukamua, akarudi akamkuta pale pale, vile vile, mikono imewekwa magotini. Hakuwa amemwambia aweke mikono magotini.

"Nikaona ni mimi," akasema.

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza mambo ambayo sisi watoto wake sita hatukuwahi kuyasikia. Alipokuwa na umri kama huo alikuwa na miguu ile ile na mdomo ule ule. Kijiji kizima kilimjua. Alifuata wauza chumvi mpaka akapotea, alijibu wazee, shuleni alidumu muhula mmoja. Baba yake hakuwa mtu mbaya, alisisitiza hilo. Aliambiwa tu kwamba msichana wa kuzurura atawaletea aibu. Kwa hiyo watu walipokwenda shambani alimfunga kwenye nguzo ya ghala kwa kamba ya ndama, asubuhi mpaka jioni. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Siku moja baba yake akarudi, akaifungua kamba, na yeye hakusimama. Aliendelea kukaa pale. Walifurahi sana, wakamchinjia kuku. Wakasema amenyooka.

Mama yangu alikuwa akikunjakunja ncha ya leso yake.

"Sikunyooka," akasema. "Nilinyamaza tu. Nikawa mtu mzima, nikaolewa, nikawazaa nyinyi, na bado nimenyamaza."

Nilimtazama. Mimi ni mtoto wake wa nne, na sijawahi kumsikia akiimba nyumbani, wala akicheka kwa sauti, wala akigombana na baba yetu hata pale alipokuwa na haki ya kugombana. Sisi tuliita hiyo heshima. Tulijivunia. Nilimkasirikia, sijui kwa nini, kama kwamba alikuwa ametudanganya. Nikamuuliza, kwa ukali kuliko nilivyotaka, sasa yule daktari ndiye mkweli? Ni ugonjwa?

Akasema hajui ugonjwa. Hata hayo majina ya daktari hayamhusu. Anachojua ni kwamba tangu siku ile ya kigoda alitupa fimbo kwenye jiko ikaungua, na kila siku anamwambia mtoto aende akacheze, na mtoto anamuuliza acheze nini. Amemwonyesha mparachichi ule ule, akamwambia panda. Mtoto akasema hapana, shosho, nitaanguka. Amemwaga maziwa mwenyewe kwa makusudi mbele yake ili mtoto acheke, na mtoto akaenda kuchukua kitambaa akapangusa.

"Nilikusubiri uje," akasema. "Labda wewe atakusikia."

Akainuka akatoka nje, nami nikamfuata. Mtoto alikuwa amemaliza vyombo na amerudi kwenye kigoda chake. Jua lilikuwa bado juu, na kutoka pale mpaka langoni kulikuwa na uwanja mzuri wa nyasi, uwanja ambao mimi na ndugu zangu tulikimbia ndani yake tukiwa na hofu ya kuitwa. Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia, Mama, hebu kimbia mpaka langoni.

Akanyanyuka mara moja.

"Mara ngapi?" akauliza.

Nikamwambia mara yoyote anayotaka. Alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi, akawa kama mtu aliyeulizwa swali gumu mbele ya darasa. Nikaona anaogopa kukosea, basi nikasema mara moja, mara moja tu. Akakimbia. Alikimbia katikati ya njia, hakukanyaga maua, hakuwageukia kuku. Aligusa lango kwa mkono, akarudi kwa mwendo ule ule, akasimama mbele yetu wawili na mikono nyuma, anahema kwa pua ili asitoe sauti.

"Nimekimbia vizuri?"

Mama yangu akamwambia ndiyo, umekimbia vizuri sana. Kisha akafunika uso kwa leso, akaingia jikoni, akaurudisha mlango.