Majani Makavu na Asidi ya Nitriki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya shule moja ya sekondari hapa Tukuyu, Mkuu wa Maabara hakunionesha kiti. Alinionesha kidole chake chenye doa la njano.

"Asidi ya nitriki," alisema. "Sabuni haiitoi hii. Unasubiri ngozi ibanduke yenyewe."

Akanieleza kwamba asidi hiyo ikiwa kali ni kioksidishaji, yaani hukipa oksijeni kitu kinachoungua. Nguo au maranda ya mbao inaweza kuyawasha bila kiberiti. Niliitikia kila neno, nikajiona nimeiva.

Baadaye nilihamishiwa shule mpya ya Isongole, nikapewa na chupa moja ya asidi hiyo ya kupeleka. Mimi ni mtoto wa Masoko. Kwetu mayai, vyungu na parachichi vyote husafiri ndani ya majani makavu ya migomba. Maranda niliyakataa kabisa, maana Mkuu aliyataja. Majani hakuyataja! Nikaishindilia chupa kwenye boksi, na kifuniko sikukikaza vya kutosha.

Njiani boksi likaanza kufuka moshi wa kahawia. Asajile, dereva wa shule, akasimamisha pikapu, akarukia nyuma na kulisukuma chini. Alikohoa mara mbili tatu, na majani yakalipuka moto.

"Niko salama, dada. Twende zetu."

Nilijua hayuko salama. Moshi ule humwacha mtu akijisikia mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu hujaa maji. Nikasimamisha gari jingine lililokuwa likishuka mjini, nikampeleka hospitali kwa nguvu na kumtajia daktari asidi yenyewe. Jioni Asajile alikuwa anapumua kwa mashine.

Mkuu wa Shule alinivuta pembeni. "Andika chupa ilikuwa mbovu. Kazi yako bado changa."

Niliogopa mno. Lakini fundi mwingine wa maabara angesoma taarifa hiyo, akalaumu chupa, na kesho angefungasha kwa majani. Nikaandika kwamba majani ni yangu na kosa ni langu. Nilipewa barua ya onyo, nayo ninayo hadi leo.

Tangu hapo nilifungasha kwa mchanga mkavu. Kila fundi niliyemfunza alijua kwamba kitu chochote kilichoota shambani hakikai na nitriki. Hadi nastaafu hakuna boksi langu lililofuka tena, na hilo nalisema kwa kujivuna.

Asajile alipona. Kila akipata mayai huniletea, yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba, makusudi kabisa. Huyaweka mlangoni na kupaza sauti, "Mama, sogea, yanafuka!"

Hucheka sana. Nami, kabla sijamkaribisha, husikiliza kwanza anavyopumua.