Kanga ya Bibi Kwenye Gharama za Kazi

Mimi sina mwajiri. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie wala asinionee gere. Nafanya kazi kwa mkataba: watu wa utafiti wananipa kimashine cha kurekodi, nami nazunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa nikiwasikiliza wazee wakizungumza Kimwera. Kisha najifungia chumbani kwangu Ruangwa mjini, nimevaa hedifoni, nayaandika maneno yao moja moja. Wakinilipa wanakata kwanza kodi ya zuio. Mwisho wa mwaka hesabu iliyobaki ni baina yangu na ofisi ya kodi.

Maneno mengi yalitoka kwa mtu mmoja, bibi mmoja wa Mnero. Si bibi yangu wa damu. Siku ya kwanza alikitazama kimashine, akanitazama mimi, akasema yeye haongei na asiyemjua. Wiki iliyofuata nikarudi na sukari kilo mbili. Akaniuliza ukoo wetu, akaunganisha majina ya watu waliokufa zamani kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa, akatangaza kwamba mimi ni mjukuu wake. Yakaisha. Tangu hapo akawa ananiita mke mwenza. Alisema marehemu babu angekuwepo angemwacha yeye anioe mimi, ila angejuta, maana sijui kupika. Na kweli sijui.

Nilikwenda kwake miaka mitatu, lakini nikiikumbuka naiona kama alasiri moja ndefu isiyotaka kuisha. Tumekaa wote mkekani, anabangua korosho alizochoma mwenyewe, mikono inafanya kazi bila yeye kuitazama, na anaongea. Anaanza na shamba la ufuta, anaingia kwenye harusi ya dada yake, mara simba kapita, mara tumerudi kwenye ufuta na sijui tumepita njia gani. Mwanga unakuwa wa njano, moshi wa maganda unatambaa chini chini, sauti yake inaenda tu. Mara nyingine nilisinzia pale pale. Nilikuwa nachoka jamani, barabara ile kwa bodaboda si mchezo. Nikizinduka nakuta nimefunikwa kanga na yeye bado anaongea na kimashine.

Siku moja, nikiwa chumbani na hedifoni, nilifika mahali ambapo nilisikia mtu anakoroma taratibu. Nikashtuka, kumbe ni mimi. Na nyuma ya mkoromo wangu alikuwa yeye, ameshusha sauti, anasimulia kwa kunong'ona ili asiniamshe. Nilirudia kipande kile mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Nilimpenda bibi yule, sina namna nyingine ya kulisema.

Nilipokwenda sikuenda mikono mitupu. Sukari, mche wa sabuni, na Krismasi moja kanga doti nzima. Miguu ilipomvimba nilimlipia bodaboda mpaka hospitali. Sikuandika popote. Nani anaandika vitu kama hivyo?

Basi mwaka huu ofisi ya kodi ikaniita kwenye hesabu, na kodi iliyotoka ilikuwa inameza malipo yangu ya mkataba mzima. Kosa langu. Risiti nilizokuwa nazo ni za betri na madaftari, nyingine zilifuliwa pamoja na sketi. Ofisa alikuwa kijana mpole, mpole mno hata nikakosa wa kumkasirikia. Akanieleza kwamba kinachopunguzwa ni gharama iliyotumika kupata kipato, tena yenye ushahidi. Ndipo nikazitaja zile zawadi. Akafikiri kidogo, akauliza:

"Usingempelekea, angeongea?"

"Asingeongea," nikajibu. Nilijibu haraka, kwa tamaa, na neno lilipotoka nikaona aibu.

Akasema basi hiyo inaweza kuwa gharama ya kazi. Niandike karatasi ya vitu alivyopokea, bibi mwenyewe aweke dole gumba, niilete waiangalie.

Ningeweza kuacha. Nililala siku mbili nikijiambia niache, lakini kodi ya nyumba nayo ilikuwa inabisha hodi. Siku ya tatu nikaazima kidau cha wino kwenye duka la fotokopi, nikapanda bodaboda kwenda Mnero.

Alinipokea kwa utani wake, akauliza kama nimeshajifunza kusonga ugali. Nikacheka, nikamwambia kuna karatasi ya ofisini. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo nikamsomea kama nilivyoiandika, kwa Kiswahili: kwamba amepokea sukari, sabuni, kanga doti moja na nauli ya hospitali, kwa ajili ya kazi ya kurekodi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie pale kwenye kanga. Nikarudia. Alikuwa ameivaa.

Nilitamani agombe. Angenitukana ningeomba radhi, tukacheka, nikaichana karatasi. Hakugomba. Alinyoosha mkono, nikalishika dole gumba lake, nikalichovya, nikaligandamiza chini ya maandishi. Miaka yote mitatu alikuwa hajawahi kusema nami ila kwa Kimwera. Sasa akasema kwa Kiswahili, kile anachoongea na manesi na makarani, taratibu, akitafuta kila neno:

"Kumbe ulikuwa kazini, mama."

Nikamwambia hapana, bibi, si hivyo. Nikamwambia kwa Kimwera changu kibovu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyeelewa.

Karatasi ilikubaliwa. Kodi ilipungua na deni nimelimaliza. Mnero naenda bado, hata nikiwa sina mkataba, hata bila kimashine. Bibi hajanuna. Anatoka ndani na kiti cha plastiki, kile cha wageni, anakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, ananikaribisha nikae. Yeye anakaa chini, mkekani, anasubiri nimuulize.