Kamyo Yangu "Mwisho wa Adui"

Kwetu Kasongo, kamyo, lile lori la mizigo, ikikosa maneno kwenye paji la uso, watu hawaiiti kamyo. Angalia zile zinazotufikia zimejaa matope mpaka madirishani: moja inamushukuru Mungu, nyingine inatukana majirani, nyingine inauliza swali ambalo hata dereva hana jibu lake. Kwa hiyo mimi pia, nilipomaliza kutengeneza kamyo yangu, nilichukua rangi nyekundu ya kucha ya muke wangu, nikaandika mbele kwa herufi kubwa: MWISHO WA ADUI.

Kamyo yenyewe ilikuwa na urefu wa mukono, tangu kiwiko mpaka vidole. Ilikuwa kamyo ya kucheza, ya kuongoza kwa mbali na telekomande.

Mimi ni kinyozi. Masomo niliyaachia katikati, na hata ile katikati yenyewe sikuifikia vizuri. Adui alikuwa shemeki yangu, mudogo wa muke wangu, anauza sabuni na chumvi kule Kabambare. Mama moja mufanya-biashara alituletea kila mutu kamyo yake kutoka Kigoma, tukasema ni za watoto. Watoto walizicheza siku moja. Kisha wababa wakazichukua, watoto wakabaki wanaangalia.

Nyuma ya duka ya shemeki kuko mupando mubaya wa mawe. Tuliposhindana pale, kamyo yake ilifika juu, yangu ililala ubavu ikazungusha magurudumu kama mende. Tangu siku ile alikuwa ananipigia simu asubuhi, kabla hata ya kusalimia watoto.

"Shemeki, ile kamyo yako imefika? Ama ingali inapanda?"

Basi nikamutuma yule mama tena. Akaniletea motere mupya isiyo na vile vimakaa vya ndani vinavyosuguana na kuisha, batri kubwa, meno ya chuma ya kuzungusha magurudumu badala ya yale ya plastiki, amortiseri za mafuta za kupunguza mirusho, na kasanduku kadogo kanakoamuru motere iende namna gani. Nilivifunga mule ndani ya salon, kati ya kichwa na kichwa. Mutu moja alitoka amenyolewa upande moja, akarudi kesho yake kuomba upande mwingine. Batri ilikataa kuingia mahali pake, nikaifunga juu kwa skochi nyeusi, ile karatasi ya kunata, nyaya nyekundu zikaning'inia inje. Antene niliitoa kwenye redio iliyokufa. Niliona nimefanya kitu kizuri sana. Siku ya kwanza kuijaribu ilivuka barabara kama imeitwa na mutu, ikagonga mbuzi ya jirani. Ile mbuzi mpaka leo ikiniona inabadilisha njia.

Mambo mawili tu ilitaka uyajue. Moja: uwashe telekomande kwanza, kamyo kisha, kwa sababu ukianza na kamyo, inakosa mutu wa kuiamuru, inaenda yenyewe. Mbili: ukiiwasha, kale kasanduku kapya kanalia. Pi. Pi. Pi. Kanahesabu vyumba vya batri, na batri yangu iko na vitatu. Kale kasanduku ka zamani hakakulia kitu. Mimi nilikuwa nimeshazoea, sawa vile mutu anazoea kukoroma kwa muke wake. Muke wangu anasema mwenye kukoroma ni mimi.

Asubuhi ya safari ya kurudi Kabambare kushindana, muke wangu alisimama mulangoni.

"Baba watoto, utapita na hii kitu barabarani? Siku hizi hata nyuki ikilia watu wanaangalia juu wanatafuta droni."

"Ni kitu ya kucheza, mama."

"Mimi ninajua ni ya kucheza. Wao watajulia wapi?"

Nilicheka. Nilikuwa ningali na meno ya kucheka.

Motari, mwenye kunibeba kwa pikipiki yake, alikuwa jirani yangu, mutu wa maneno kidogo. Tuliweka kamyo ndani ya katoni, tukaifunika kitenge, nikaikumbatia mpaka kijiji cha Wamaza na zaidi. Mvua ilitupiga. Tulipopita Wamaza tukakuta barieri: mwanzi moja umelala barabarani, askari wamesimama chini ya turubai, na mukubwa wao ameketi kwenye kiti, sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, juu ya magoti.

Askari moja alikuja.

"Iko nini humu?"

"Kamyo, afande."

Akacheka. "Kamyo ndani ya katoni?" Akafunua kitenge.

Kicheko kilikatika. Na mimi, kwa mara ya kwanza, niliiona kamyo yangu kwa macho ya mutu mwingine: skochi nyeusi, nyaya nyekundu, antene ndefu. Askari akainama, akasoma polepole kwa sauti, kidole kikifuata herufi.

"Mwi-sho wa A-du-i."

Akashika bunduki yake. Akaniangalia.

"Adui ni nani?"

Ningeweza kusema shetani. Ningeweza kusema njaa. Lakini woga ulinipokonya uongo wote niliokuwa nao, nikabaki na ukweli peke yake.

"Ni shemeki yangu, afande."

"Shemeki yako iko wapi?"

"Kabambare."

"Kwa hiyo unapeleka hii kitu Kabambare juu ya kumumaliza."

"Ndiyo. Hapana! Kumumaliza kwa mbio, afande."

"Piga magoti."

Nilikuwa nimeshapiga. Motari naye akapigishwa magoti kando yangu kwenye matope, mikono juu, na alichosema kilitoka katikati ya meno:

"Kama tunatoka hapa wazima, nitakuua mimi mwenyewe."

Sitaandika kama nilijikojolea. Nitasema tu kwamba mvua ilikuwa imetupiga, na kila mutu suruali yake ilikuwa na maji. Lakini sikuwa ninacheka. Niliwaza muke wangu, namna watamufikishia habari. Atauliza bwana yake alikufa juu ya nini, na hakuna mutu atathubutu kumujibu. Watoto watakua wanaambiwa baba yao aliuawa na kitu yao ya kucheza. Kidole cha yule askari kilikuwa kimeingia kwenye kifyatulio cha bunduki, mahali ambapo sikutaka kiingie, na kilikuwa kinatetemeka. Hicho ndicho kiliniogopesha kupita yote. Mutu asiyeogopa unaweza kuongea naye.

Mukubwa hakusimama. Aliuliza palepale kwenye kiti:

"Inafanya nini?"

"Inatembea, mukubwa."

"Itembeze, tuone."

Niliitoa kwenye katoni, nikaiweka chini. Telekomande ilikuwa imening'inia shingoni kwa kamba. Tangu ile siku ya mbuzi, mbele ya wateja, sikukosea hata mara moja. Pale, mbele ya ile bunduki, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kamyo.

Pi.

Niliona askari wanaruka. Moja alianguka ndani ya mufereji, mwingine nyuma ya pipa. Sahani ikaanguka.

Pi.

Nyuma yangu bunduki ikalia *ka-cha*, na nikasikia ubaridi unaingia kisogoni kabisa, mahali ambapo mimi hupitisha mashine yangu kwa wateja.

Pi.

Na kamyo ikaondoka. Motere mupya, batri kubwa, meno ya chuma, vyote vilifanya kazi namna nilivyoota. Ilikata matope kwenda kwenye kiti ya mukubwa.

"Musipige! Ni ya watoto! Musipige!"

Nilibonyeza telekomande kwa kidole, kwa kidevu, sijui kwa kitu gani. Ikawaka. Kamyo ikasimama. Kati yake na buti ya mukubwa hapakupita upana wa mukono.

Maji tu yalikuwa yanadondoka kwenye turubai.

Mukubwa alikuwa angali ameketi. Nilizani ni ushujaa, mpaka nilipoona sombe imejaa kwenye suruali yake na yeye hajaifuta.

"Hii sauti ni ya nini?" Sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo.

"Inahesabu batri, mukubwa. Iko na tatu."

"Tatu."

"Ndiyo, mukubwa."

Akapumua. "Mimi nilikuwa ninangojea ya nne. Nilijua ile sitaisikia."

Yule wa muferejini alitoka, akaanza kukamua kofia yake polepole, kama mutu anayefua nguo za mufu.

"Irudishe nyuma," mukubwa akasema. Nikairudisha. "Zaidi. Ipite kule." Nikaipitisha chini ya mwanzi. "Na nyinyi muifuate. Lakini mbele ya yote, futa ile jina."

Motari alinipa esansi kidogo, mafuta ya pikipiki, kwenye kitambaa. Rangi ya kucha ni kichwa ngumu. Nilisugua, nilisugua, nikatoa ADUI, na yule askari akachoka kuniangalia, akasema twende kabla hajabadilisha mawazo. Tulivuka barieri vile: kamyo ikitembea mbele, mimi nyuma yake na telekomande, motari nyuma yangu akisukuma pikipiki bila kuiwasha, kwa sababu aliogopa hata sauti ya pikipiki yake mwenyewe.

Kabambare shemeki alikuwa anatungoja penye mupando wa mawe, kamyo yake miguuni, na wateja wa sabuni wamekuja kuangalia. Akainama akasoma.

"Mwisho wa... Mwisho wa nini, shemeki?"

"Sijamaliza kuandika."

"Haya, washa. Ama umekuja kuniletea katoni?"

Nikaweka kidole. Kidole kikakataa. Nikajaribu kile cha mukono mwingine, nacho ni ndugu yake.

"Ee!" shemeki akapaza sauti. "Mumwangalie kinyozi wa Kasongo! Anaogopa mawe!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilijua namna ninavyoonekana. Kisha nikamupa shemeki telekomande na kamyo, vyote viwili, mikononi.

"Washa wewe. Telekomande kwanza. Mungu akikuhurumia, telekomande kwanza."

Nikazunguka upande wa pili wa duka.

Pi.

Nilijikuta chini, kati ya maboksi ya sabuni, mikono juu ya kichwa.

Pi.

Nilifunga macho.

Pi.

Nikasikia kamyo inaondoka, magurudumu yanauma mawe, watu wanapiga kelele za furaha. Ilikuwa inapanda vizuri. Nilibaki nimelala.

"Sogea," sauti ya motari ikasema chini yangu. "Umelalia mukono yangu."