Mama wa Tabaka na Mchezo wa Kutwikana

Saa nne asubuhi, Bathsheba Mokeira ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake huko Tabaka, beseni la maji mbele yake, kipande cha msasa mkononi. Anamsugua mwanamke mdogo wa jiwe asiye na mikono. Anamchovya majini, anamgeuza, anamsugua tena shingoni mpaka jiwe lile laini, liitwalo jiwe la sabuni, linateleza chini ya kidole.

Kando yake, mumewe Omwenga amejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Amezungukwa na mabapa ya jiwe yaliyochongwa barabara nyembamba yenye kona na vilima. Upande wa juu wa kila bapa umekamilika. Upande wa chini, ambako sheria za mchezo huchongwa, haujaguswa.

"Ananingoja mimi," anasema Bathsheba bila kuinua macho. "Na mimi nangoja roho yangu ikubali."

Kinachomsumbua ni sheria moja tu. Watu wanaoupenda mchezo alioubuni wanamwomba aibadilishe, tena wanaomba kwa adabu hivi kwamba hapati hata nafasi ya kuwakasirikia. Anahisi kwamba akiwakubalia atakuwa amemfuta mama yake mzazi. Lakini hawa ndio waliouvusha mchezo kutoka kibarazani kwake hadi Ogembo, Kenyenya na Nyamira. Duka moja la mjini Kisii limeagiza mabapa haya na linayataka wiki hii. Na jiwe si karatasi, likishachongwa limechongwa.

Bathsheba, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amesugua vinyago tangu usichana wake. Wanaume wanachonga, wanawake wanasugua na kupaka nta. Viboko, twiga, vibakuli, vyote vimepita mikononi mwake vikienda nchi ambazo yeye hazijui. Vinavyobaki Tabaka ni vilivyovunjika.

Ndivyo mchezo ulivyoanza. Omwenga alikuwa amepewa kazi ya kuchonga wanawake wadogo waliobeba mizigo kichwani, mikono imeinuliwa kuishika. Mikono ikawa myembamba mno. Wakati wa kusugua ikawa inakatika, mmoja baada ya mwingine, na mfanyabiashara akaikataa kazi yote. Bathsheba hakuwatupa. Aliwapanga dirishani wakiwa hivyo hivyo, na mwaka ule wa korona, wanunuzi walipoacha kuja na mji ukanyamaza, akawa anakaa akiwatazama.

"Nikaona ni mama yangu na wenzake," anasema. "Wako barabarani, wamechoka, mikono imekwisha."

Mama yake aliitwa Ruth, na alikuwa akipeleka ndizi soko la Ogembo kwa miguu, mkungu mzima juu ya ngata. Bathsheba mdogo alifuata nyuma akiwa na kikapu cha mayai. Njiani kulikuwa na mawe bapa ambapo watu walitua mizigo wakapumzika. Kutua ni rahisi. Kuinua tena mkungu wa ndizi mbichi peke yako hadi kichwani hakuwezekani, na mtoto hafiki. Basi mlikaa mkangoja mtu apite, atue wake au aushike kwa mkono mmoja, amtwike mama, kisha kila mtu aendelee na safari.

"Na huyo anayekutwika anakwenda soko lile lile, anauza ndizi zile zile!" Bathsheba anacheka. "Siku hizi nani anatwikwa? Ndizi inapanda boda boda. Wewe unapigiwa simu tu kwamba imefika. Ni vizuri, shingo zimepona. Lakini mimi nawakosa wale watu wa njiani. Nawakosa sana."

Mchezo wake haumsumbui mtu kichwa. Kila mchezaji ana mwanamke wake wa jiwe na mkungu mdogo unaokaa kichwani. Unarusha dadu, unakwenda sokoni, unarudi nyumbani na chumvi, na anayefika nyumbani kwanza ndiye mshindi. Ila ukiangukia jiwe la kupumzikia, unatua mzigo na huondoki. Utangoja mpaka mwenzako apite hapo, akienda au akirudi. Yeye lazima asimame, apoteze hatua zake zilizobaki, na akutwike kwa vidole vyake mwenyewe.

Wachezaji wakati mwingine humtania: asiye na mikono atamtwikaje mwenzake? Bathsheba huwaonyesha viganja vyao. Mikono ndiyo hiyo, huwajibu.

Omwenga naye ana lake. "Maisha yangu yote nimechonga mikono," anasema akipangusa patasi. "Uzeeni naambiwa niiache. Na hawa bila mikono ndio wanapendwa!"

Wanapendwa kweli. Lavender, muuguzi anayeishi na wazazi wake katikati ya mashamba ya chai huko Nyamira, alimtumia Bathsheba ujumbe wa sauti ambao hadi leo hajaufuta. Anautoa kwenye simu na kuucheza kwa mara nyingine.

"Mama, hatujuani," sauti inasema, "lakini nataka nikwambie asante. Baba yangu hajawahi kutuambia habari ya mama yake. Hata picha hakuna. Siku tulicheza hii mchezo, akamshika huyu mama wa jiwe, akaanza kuongea. Tukaacha kucheza, tukamsikiliza mpaka chai ikapoa."

Kisha kuna Mokua, karani katika ofisi za serikali huko Kenyenya. Mokua haji mikono mitupu. Huja na kilo ya sukari, husalimu kwa Kigusii kama inavyompasa mtu akikutana na omong'ina, mwanamke mzee wa heshima, hushukuru kwa kirefu, kisha husema, "Lakini mama." Omwenga akiona pakiti ile tu huanza kucheka. Ameibatiza sukari ya lakini.

"Mama, mimi siwezi kuharibu kazi yako," Mokua alimwambia mara ya mwisho, akiwa ameketi ukingoni mwa kiti. "Hii mchezo imetufanya watu wa ofisi tujuane. Lakini mama, unatulazimisha. Mtu akilazimishwa kukutwika, hiyo ni msaada ama ni kodi? Mwache akatae kama anataka."

"Barabara ile hakuna aliyekataa," Bathsheba alimjibu.

"Sawa mama. Wewe ndio ulikuwa huko. Mimi nasema tu vile naona."

Hakubishana zaidi. Alimaliza chai, akashukuru tena, akaenda. Adabu ile ilimkaa Bathsheba rohoni kuliko kelele.

Jumapili, saa nane mchana, Bathsheba anashuka kwenye pikipiki mjini Ogembo. Nyuma ya duka la viatu la Nyanchama kuna kivuli cha bati na meza ndefu. Hapa wachezaji hukutana kila Jumapili, Wakatoliki wakitoka misa, Wasabato wakiwa wamekwisha pumzika jana yake. Wanasimama wote anapoingia. Anapewa kiti chenye mto, soda, na ndizi mbivu ambazo hakuziomba.

"Leo tutacheza kwa sheria ya Mokua," anatangaza. "Mwenye kutaka kukataa, akatae. Tuone."

Mokua anashtuka. "Mama, si lazima iwe leo."

"Umeniletea sukari ya kutosha. Rusha dadu."

Wanacheza watatu: Bathsheba, Mokua, na Nyanchama mwenye duka, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Wengine wamewazunguka. Dadu haimpendi Bathsheba leo. Wenzake wamefika sokoni na kuanza kurudi, yeye bado anapanda, na akiwa kwenye kilima cha kwanza kutoka nyumbani anaangukia jiwe la kupumzikia. Anautua mkungu wake.

Mokua ndiye wa kwanza kumfikia. Anatazama nyumbani kuliko karibu, anamtazama mwanamke wa jiwe asiye na mikono, kisha anamtazama Bathsheba.

"Samahani, mama," anasema. "Nina haraka. Napita."

"Eeeh!" watu wanaguna. Mmoja anampiga Mokua bega. Bathsheba anacheka pamoja nao, lakini anaisogeza soda yake kando.

Baadaye ataeleza kilichompata. "Niliumia, ukweli. Nilisikia nimeachwa barabarani. Halafu nikakumbuka." Alikumbuka mwanamke mmoja aliyevaa kitambaa cha kijani, aliyewapita yeye na mama yake pale kilimani bila kugeuza shingo. Alikuwa amemsahau kabisa, miaka yote hii. Akakumbuka na maneno ya mama yake: ana haraka zake huyo, atakuja mwingine. Na wakakaa pale, jua likapanda, yeye akalia kwa sababu mayai yangechelewa.

Mezani, dadu iko kwa Nyanchama. Amemkaribia Mokua, na hatua alizopata zinatosha kumpita na kumaliza. Kila mtu anaziona. Yeye pia anaziona, maana midomo yake inahesabu. Anamchukua mwanamke wake, anamsogeza hadi kwenye jiwe la kupumzikia, na hapo anamsimamisha.

"Nyanchama, unashinda!" mtu anamwambia. "Pita!"

"Najua nashinda," anajibu Nyanchama. "Na huyu mama nimwache hapa na nani?"

Anauchukua ule mkungu kwa vidole viwili, anauweka juu ya kichwa cha mwanamke wa Bathsheba, anausawazisha usianguke. Mokua anarusha dadu, anafika nyumbani, anashinda. Hakuna anayempigia makofi, hata yeye mwenyewe hataki. Watu wanamtazama Bathsheba, ambaye ameshika ncha ya leso yake na analia waziwazi.

"Alikuja mwingine," anasema. "Kweli alikuja. Hata jina lake hatukumuuliza."

Mokua anainuka, anazunguka meza, anachuchumaa karibu naye. "Mama, nisamehe. Turudishe sheria yako ya zamani."

"Wewe kaa chini," Bathsheba anamwambia, akimshika bega. "Mimi nilikuwa nimewalazimisha watu wote kuwa wazuri. Sasa yule aliyesimama nilikuwa nimemnyima nini? Shukrani yake."

Jumatatu asubuhi, Tabaka inagonga patasi. Omwenga amelipindua bapa la kwanza na kulipangusa. Bathsheba amesimama nyuma yake akiwa na kikombe cha chai yenye sukari nyingi.

"Haya, niandike nini?" anauliza mzee.

"Andika yale yale ya siku zote."

Omwenga anachonga polepole, akipuliza vumbi kila baada ya herufi: Ukimkuta mwenzako jiweni, mtwike. Anafikia mwisho, anataka kuweka nukta.

"Usiweke," mkewe anamzuia. "Ongeza neno moja. Ukipenda."

Mzee anageuka kumtazama. Kisha anarudi kwenye jiwe na kulichonga neno hilo.

Bathsheba anasema hana mpango wa kubuni mchezo mwingine. Ana safari moja tu kichwani. Mabapa yakishakwenda dukani, ataoga, atavaa vizuri, apande gari hadi Nyamira kwa Lavender na baba yake, awapelekee bapa lenye neno jipya.

"Sitacheza," anasema, akirudi kwenye beseni lake. "Nitakaa tu kando, nione nani atasimama."