Chai ya Kilioni

Pascasie alipolia, watu walicheka.

Yalikuwa mazoezi tu. Kundi lao la maigizo lilicheza nje, kwenye mawe meusi ya mtaa wa Mabanga, majirani wakitazama na pikipiki zikipiga kelele barabarani. Pascasie alicheza mama aliyeletewa habari kwamba mwanawe amezama ziwani. Aliinamisha kichwa, machozi ya kweli yakamtoka, na hakuna aliyeyaona.

"Amefiwa na mutoto ao amepoteza sindano?" Jolie, mwigizaji mwenzake, akauliza kwa sauti, maana kazi ya Pascasie ni kushona nguo.

Papa Yuma, muuza vitenge aliyeanzisha kundi, alimvuta kando. "Mama, kilio chako ni kizuri, lakini kinaishia kwenye pua yako. Jipige kifua! Jitupe chini! Siku ya mchezo, kama mutu wa nyuma hajakuona, nafasi yako nampa Jolie."

Pascasie aliipenda nafasi ile kuliko alivyothubutu kusema. Mbele ya wateja hata sentensi haimalizi. Kwenye maigizo tu ndipo watu humsikiliza.

Nyumbani alijaribu kujitupa sakafuni. Akaona aibu mbele ya cherehani. Kwao, watu wa Rutshuru, mwanamke hapigi mayowe kilioni. Hujifunga kitenge akahudumia wageni. Lakini Jolie alipojitupa chini, wote walimwamini, ingawa Pascasie hakuwahi kuona mfiwa anayebingirika vile. Mbona jambo lililokuzwa linaaminika, na la kweli halionekani hata kidogo?

Swali lilikuwa bado kichwani alipokata magauni ya kwaya. Mabega aliyakata mapana kupita ya mtu yeyote, kama kawaida, ili waimbaji waonekane hadi viti vya nyuma. Mkasi ukasimama. Hakuwa amewapa bega la tatu. Alikuwa amepanua yale waliyo nayo.

Na yeye alikuwa na nini?

Akamkumbuka mama yake, Uwamariya, siku waliyomzika baba. Alikuwa akiwamiminia wageni chai, macho makavu, na chai ikapita ukingo wa kikombe ikaingia kwenye kisahani bila yeye kujua.

Siku ya mchezo, habari ya mwana ilipofika, Pascasie hakulia. Alikaza kitenge, akachukua termosi ya chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikatiririka mezani hadi kwenye mawe, naye bado anamimina. Termosi ikaisha. Akaendelea kumimina hewa, taratibu, mkono juu kabisa, kikombe baada ya kikombe, akimkaribisha kila mgeni kwa heshima.

Watu walicheka. Halafu wakaacha. Jolie, aliyecheza jirani, akasahau maneno yake.

Kutoka nyuma kabisa mwanamke akapaza sauti: "Mama, chai imeisha! Mumushike huyo mama, chai imeisha!"

Baadaye Papa Yuma alikuja akipangusa uso kwa kipande cha kitenge. "Nafasi ni yako," alisema. "Ila tutafute termosi kubwa zaidi."

Mama yake Pascasie alikuwa kati ya watazamaji. Walirudi nyumbani pamoja.

"Mi sikumwaga chai yote ile," Uwamariya akasema njiani.

"Hapana, mama. Ulimwaga kidogo tu."

Uwamariya akapunguza mwendo. "Kumbe uliona," alisema. "Nilizani hakuna mutu aliyeona."